Mwalimu wa Vidudu na Mawe ya Wapagazi

Kwanza kabisa, sijui alizaliwa wapi, na msiniulize. Kuna watu ukiwatazama unaona kabisa hawakuzaliwa, walikutwa tu pale pale walipo, wamekaa kwenye kigoda, wamechoka. Mwalimu wa vidudu wa mtaa wetu wa Mtendeni alikuwa wa namna hiyo. Nilimkuta amechoka nilipokuwa na miaka mitano. Sasa nipo kidato cha tatu na bado amechoka, ila siku hizi ninajua kidogo kilichomchosha. Sehemu yake ni mimi.

Vidudu ndiyo sisi, yaani watoto ambao hawajafika umri wa darasa la kwanza na nyumbani hakuna anayewataka asubuhi. Shule yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kibanda cha fundi cherehani. Mikeka miwili, bati linalolia jua likipanda, ubao wenye ufa katikati kiasi kwamba kila namba nane ilionekana kama imepata ajali. Jina la shule lilikuwepo, limeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, lakini hakuna aliyelitumia. Tulisema tunakwenda kwa Mwalimu, basi.

Naandika habari zake kwa sababu ya mdogo wangu, Kabula, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ananiambia maneno mawili tu kwa siku: "Dada, pisha." Nitafika huko. Sina haraka ya kufika, maana kosa ni langu, na mtu hakimbilii kosa lake mwenyewe.

Tuanze na miguu. Miguu ya Mwalimu ilivimba kama maandazi yaliyoumuka. Alitembea kama mtu anayeomba ruhusa kwa kila kidole. Alikuwa anavaa ndala za kiume, namba kubwa, na akikaa anazivua na kuziangalia kwa muda, kama anafikiria kama kweli kuna haja ya kuzivaa tena. Halafu anavuta pumzi na kusema sentensi ambayo naamini ndiyo ya kwanza niliyoishika kwa moyo duniani, kabla ya sala na kabla ya wimbo wa taifa: "Nimechoka, lakini si ninyi mlionichosha."

Alikuwa anaisema kabla ya chai mara tatu au nne. Nilidhani ni kilema cha ulimi. Nilipokua nikamuuliza, akasema mtoto mdogo akimwona mtu mzima amenuna anajua moja kwa moja kwamba amenuniwa yeye. Baba kapoteza kazi, mtoto anadhani ni kwa sababu alivunja kikombe. Kwa hiyo ukiwa umechoka mbele ya watoto, waambie kwamba hawamo. "Ni adabu tu," akasema. "Kama kumwambia mgeni choo kiko wapi."

Sauti yake sasa. Ndogo, kavu, imekwaruzwa na chaki ya miaka mingi. Hakuipandisha hata siku moja. Watoto thelathini wanalia, wanapigana, mmoja kaingiza punje ya mahindi puani, yeye anaanza kusimulia kwa sauti ya mtu anayejisemea jikoni. Wa mbele wananyamaza ili wasikie, wa nyuma wananyamaza ili wajue wa mbele wanasikia nini. Nilijaribu mbinu hiyo mwaka jana kwenye mabishano ya darasani. Hakuna aliyenyamaza. Waliniuliza kama naumwa.

Mlangoni kulikuwa na debe la mawe. Aliyaokota mwenyewe kando ya reli, makubwa, ya kati na madogo, akayaosha. Kila asubuhi kabla ya kukaa mkekani unachagua jiwe linalolingana na ulivyoamka. Umeamka vizuri, chukua dogo. Umeamka na kitu kifuani, chukua kubwa. Unaweka kichwani ngata ya kipande cha kanga, jiwe juu yake, unaingia kwenye mstari. Mstari ule ndio msafara. Sisi ni wapagazi, tumetoka Tabora tunakwenda pwani, kama walivyokwenda mababu wa mababu zetu na mizigo ya watu vichwani. Tunazunguka chumba mara tatu. Ukielemewa unamgeukia mwenzako unasema, "Nipokee." Aliyeambiwa hana ruhusa ya kukataa, na hana ruhusa ya kuuliza una nini. Anapokea, mnatembea. Mkishakaa, mwenye jiwe akitaka atasema mwenyewe. Asipotaka, jiwe linarudi debeni na maisha yanaendelea.

Mimi nilichukua kubwa kila siku, kwa raha ya kumtwisha mwenzangu. Siku moja nikachukua mawili. Mwalimu akanitazama.

"Redio," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu wiki ya kwanza, "hilo la pili la nani?"

"La fundi cherehani, Mwalimu. Hajambo lakini amenuna."

Akacheka, halafu akaacha kucheka haraka, kama amekumbuka kitu. Nilikuwa nimegusa pabaya, ila sikujua bado.

Baada ya msafara wa mawe unakuja msafara wa hadithi. Ulikuwa mmoja tu, wa miaka yote. Wapagazi wake walikuwa wanyama na watu waliochanganyika: fisi, kobe, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mzee anayesahau majina. Kila siku wanatoka kambi hii wanakwenda kambi ile, na njiani kuna mmoja anakasirika, au anaona wivu, au anaogopa mto. Nilipokuwa kidudu msafara ulikuwa umefika Tura. Miaka ikapita, nikamaliza shule ya msingi, Kabula akaanza kwa Mwalimu, namuuliza wamefika wapi, ananiambia Tura. Tura ni hapo tu! Treni inapita Tura kabla hujamaliza kumenya yai. Nikaenda kumdai Mwalimu maelezo.

"Mwalimu, huu msafara una nini? Wamekamatwa?"

"Sijawahi kuiona bahari," akasema. "Nitawafikishaje watoto wa watu mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika?"

Alikuwa na namna yake ya kukata hadithi pale inapouma. Si mwishoni, pale penye kidonda. "Wapagazi wote wakapewa karanga. Fisi akarukwa. Sasa, fisi anaumwa wapi?" Na watoto wanaonyesha. Mmoja tumbo, mwingine koo, mwingine anashika masikio. Kuna siku mtoto mmoja, mama yake muuza mchicha, alisema fisi anaumwa kwenye viatu. Sisi tukaangua kicheko, mimi wa kwanza. Mwalimu akamwangalia yule mtoto muda mrefu. "Ndiyo," akasema, "kuna uchungu unakaa kwenye viatu. Mtu hataki kwenda." Kesho yake tukajua mtoto yule alikuwa anahamishwa kupelekwa kwa shangazi yake Nzega.

Baada ya "anaumwa wapi" linafuata swali la pili: "Nani kamwona?" Yaani katika msafara mzima, ni nani aliyeona kwamba fisi ameumia. Kwanza walikuwa wanajibu "Mungu", maana watoto wanajua majibu ya usalama. Alikuwa anawaambia Mungu wamwache kwanza, ana kazi nyingi, wamtaje mpagazi. Basi wanamtaja kobe, na kobe inabidi atafutiwe la kufanya. Ampe karanga zake? Akae naye tu? Wanabishana mpaka uji unapoa. Sijui mahali pengine popote ambapo watu thelathini walibishana hivyo kuhusu moyo wa fisi.

Msidhani alikuwa malaika. Alitufundisha kusema "nipokee", lakini kapu lake mwenyewe hakumpa mtu. Ukilishika analivuta kama umemwibia. Anatoka sokoni miguu imejaa, jasho linamtoka, unamwambia shikamoo Mwalimu nikusaidie, anajibu, "Marahaba, toka njiani." Alikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akiwa amegeukia ukutani ili asiombwe. Aliogopa mbwa mpaka vitoto vyao. Na jambo kubwa zaidi, yule fundi cherehani, ambaye ukuta wao ni mmoja, hawakusalimiana. Mimi nimekua hawasalimiani. Kisa ni jogoo. Wengine walisema jogoo wa fundi aliingia darasani akachafua mkeka, wengine wakasema Mwalimu alimrushia jogoo ubao. Jogoo mwenyewe alishaliwa zamani, na ugomvi ukabaki unadonoa.

Siku moja nikamchokoza. "Mwalimu, mbona wewe na fundi hamchukui jiwe?"

"Langu halienei kwenye debe. Kaa chini."

Wazazi nao walimchosha. Baba mmoja, dereva wa bodaboda, alikuja asubuhi na pikipiki inaunguruma, hakuizima, akasema juu ya kelele zake: "Mwalimu, kijana wangu ana mwaka mzima hapa hajui A. Anajua mzigo tu. Mwenzake wa shule ile ya basi la njano anasoma mpaka magazeti."

"A ipo," Mwalimu akajibu. "Imekaa pale tangu nizaliwe, haijahama. Ataikuta."

"Sasa mimi nalipia nini?"

"Jana mwanao alimpiga mwenzake. Halafu akarudi mwenyewe, hakuna aliyemtuma, akamuuliza anaumwa wapi. Hicho."

Baba yule akafikiri. Pikipiki ikafikiri naye. Mwezi uliofuata akamhamishia shule ya basi la njano. Walihama wengi hivyo, mmoja mmoja, na kila akiondoka mmoja Mwalimu alikunja ngata yake na kuiweka kwenye mfuko, wala hakuitupa.

Haya. Tufike tunakofika.

Mama yetu alikwenda Usoke, kwenye kazi ya kuchambua tumbaku, akatuacha kwa Bibi. Alikuwa anarudi kila baada ya wiki kadhaa, ananuka tumbaku, analala kutwa, anaondoka tena. Kabula, ambaye alikuwa ameshaacha kabisa, akaanza upya kukojoa kitandani. Na kitanda kilikuwa changu na chake. Niliamka nimelowa mgongo karibu kila asubuhi, naanika godoro uani majirani wakiwa wanaangalia, nakwenda shule nimechoka kama nimevuta treni. Sikuwa na huruma. Semeni mnachotaka, nilikuwa nimelowa.

Kipindi hicho hicho nikasimamishwa shule mwezi mzima kwa kumwigiza makamu mkuu kwenye kipaza sauti, yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu. Bibi hakugombeza. Alinishika mkono akanipeleka kwa Mwalimu wa vidudu, kama mtu anayepeleka pasi iliyoungua kwa fundi. "Mwalimu, huyu nakuachia. Mdomo wake ukautafutie kazi."

Kazi ikapatikana: kuosha vikombe vya uji, kuosha mawe, na kusimulia akichoka mwenyewe. Na kusimulia nilikuwa najua! Watoto walinipenda mpaka nikaona aibu kwa niaba ya walimu wengine wote. Lakini Mwalimu alinipa sheria moja, akaisema mara mbili. Jambo la mtoto aliye humu ndani lisiingie kwenye hadithi kabla halijapita kambi tatu. Kambi ya kwanza, lisubiri mpaka lisiume likiguswa. Kambi ya pili, libadilishe sura, aliyeiba sukari awe amelala zamu yake ya ulinzi. Kambi ya tatu, mwenye jambo aulizwe yeye, bila kujua kwamba ni yeye, mpagazi huyu afanyiwe nini. "Ukiruka kambi," akasema, "si hadithi tena. Ni umbeya wenye mkia."

Nikaitikia ndiyo Mwalimu. Kichwani niliona ni mambo ya wazee.

Siku ya nne alikwenda zahanati kwa ajili ya miguu. Akaniambia atarudi kabla ya uji. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka nimelowa tena, hadi nywele. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaanza: paliondokea kobe mdogo, analala kitanda kimoja na dada yake, na kila usiku anafungulia bomba. Wakacheka. Nikaigiza dada mtu anavyoogelea. Wakajigaragaza. Mchekeshaji akishapata kicheko cha pili hana breki, nawaambia kwa kuwa najua. Nikasema, "Harufu ikazidi, hata mama yake kobe akafunga virago akakimbilia Usoke!"

Kicheko kile kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata. Na katikati yake mtoto mmoja akasema kwa furaha ya mtu aliyepata jibu, "Mama yake Kabula yuko Usoke!"

Sikumwangalia Kabula. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba nilijua na sikumwangalia. Nikarukia utani mwingine wa kufunika.

Mwalimu aliporudi, akiwa bado mlangoni, alihesabu vichwa kwa kidole. Akahesabu tena. "Msafara umepungua," akasema. Kabula hakuwepo. Kwenye debe jiwe kubwa kuliko yote halikuwepo.

Sijui jinsi ya kusimulia saa ile. Nilikimbia sokoni, nikakimbia nyumbani, Bibi akauona uso wangu akaketi chini bila kuuliza. Nikarudi nikamkuta Mwalimu amesimama mbele ya kibanda cha fundi cherehani, bila ndala, anamwambia mtu ambaye hakuwa amemwambia neno miaka yote ya maisha yangu: "Fundi, una baiskeli. Nisaidie."

Fundi hakuuliza chochote. Aliacha suruali ya mtu imeshonwa mguu mmoja, akapanda.

Alimkuta kwenye barabara ya Urambo, nyumba zimeshaanza kuachana. Kabula alikuwa anatembea pembeni kabisa kama tulivyofundishwa, jiwe kichwani, hana ngata, limemchubua mpaka damu. Fundi akamuuliza unakwenda wapi mama. Akasema Usoke. Unafuata nini Usoke? "Nakwenda kumwambia mama nimeacha," akasema. "Nimeacha kukojoa. Arudi."

Fundi alitusimulia hayo akiwa ameshika baiskeli, bila kutuangalia, anaangalia tairi. Mwalimu akamshukuru vizuri. Baada ya siku chache wakaacha tena kusalimiana, lakini sasa walikuwa wanaacha kwa heshima.

Nilingoja kipigo. Nilikitaka, kusema kweli. Kipigo kina mwisho. Mwalimu alimwosha Kabula kichwa, akampaka mafuta, akambeba mgongoni na miguu yake ile mpaka nyumbani kwetu, na mimi nyuma. Alipomlaza, nikapiga magoti kitandani kwa Kabula nikafungua mdomo. Mwalimu akanishika bega.

"Leo usimwombe msamaha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu leo unautaka ili wewe ulale. Huo ni wako. Wa kwake bado."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Hakuna. Chukua godoro kaanike."

Kwa wiki zilizofuata alifanya kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu na bado siwezi kukirudia. Alingoja. Halafu, kidogo kidogo, yule mama mwenye mtoto mgongoni akatangulia mbele ya msafara kutafuta maji, kwa kuwa kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, na mtoto akabaki na wapagazi. Mtoto akafikiri mama ametangulia kwa sababu yeye ni mzito. Mwalimu akakata pale pale. "Anaumwa wapi?" Watoto wakaonyesha. Kabula hakuonyesha. Siku ya pili hakuonyesha. Siku ya tatu aliweka mkono chini ya kitovu. "Na kisima," Mwalimu akauliza kwa ile sauti yake ya jikoni, "nani alikikausha?" Mmoja akasema jua. Mwingine akasema ng'ombe. Kabula akasema, polepole sana, "Si mtoto." Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaendelea, kama hakuna kilichotokea. Ila nilimwona anafuta mikono kwenye kanga, na mikono haikuwa na kitu.

Mama alipokuja safari iliyofuata, Mwalimu alikuja nyumbani, wakazungumza uani wawili tu. Mama akamweka Kabula mapajani, akamwonyesha vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa tumbaku, akamwambia amekwenda kwa sababu ya unga na sare, si kwa sababu nyingine yoyote, na asingekwenda kama Usoke ingekuwa inakuja yenyewe. Kabula akarudi kuwa Kabula. Akala, akaruka kamba, akapigana na mtoto wa jirani akashinda.

Isipokuwa kwangu. Nilimwomba msamaha siku Mwalimu aliponiruhusu. Akasema, "Haya." Jioni ile akachukua mto wake akahamia kitandani kwa Bibi. Huko kwa Bibi, baada ya muda, kitanda kikakauka. Na mimi nikabaki na godoro kavu, kubwa, langu peke yangu, na silali. Asubuhi tunapishana mlangoni: "Dada, pisha." Nilijaribu utani wangu wote, ule wa mbuzi, ule wa makamu mkuu. Alinitazama kama mtu anavyotazama tangazo la kitu asichonunua.

Nikamwambia Mwalimu nimechoka kungoja. Akasema, "Na yeye amechoka. Mchoke wote."

Halafu shule ikafa. Hakuna kisa kikubwa. Watoto walibaki saba, mwenye chumba akataka kufungua duka la vifaa vya simu, na miguu ilikuwa imeshakataa. Kabula akaingia darasa la kwanza, nikabaki na hesabu zangu zisizotoka. Miezi ikapita hatujamwona.

Likizo iliyopita Bibi akatutuma tumpelekee asali. Tukatembea na Kabula, yeye mbele mimi nyuma, hatuzungumzi. Tulimkuta uani kwake, mchana wa jua kali, amekaa kivulini mwa ukuta, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alikuwa amepungua. Hata sauti ilikuwa imepungua, na haikuwa na pa kupungulia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Nimechoka, lakini si ninyi mlionichosha."

Kabula akatabasamu. Mimi nikataka kusema kitu cha kuchekesha kuhusu beseni, nikakiacha.

Tukakaa. Akauliza habari za Bibi, za shule, za mama. Kisha akasema, "Kabula, nina siku nyingi sijasikia hadithi. Za kwangu nimezichoka. Nipe moja."

Kabula akachezea ukosi wa gauni lake. Akaanza. Alikuwepo njiwa, alikuwa anakaa kiota kimoja na kunguru. Kiota cha njiwa kikaingia mvua. Kunguru akapaa akawaambia ndege wote wa Tabora kwamba kiota cha njiwa kimelowa, na ndege wote wakacheka.

Nilijua mara moja. Nikaangalia beseni.

"Njiwa anaumwa wapi?" Mwalimu akauliza, macho amefumba.

"Mahali pa kulalia," Kabula akasema.

"Nani kamwona?"

"Kunguru alimwona. Lakini akageuka."

Tukangoja swali linalofuata. Halikuja. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukutani, mdomo wazi kidogo, usingizi umemchukua katikati ya kazi, miguu bado majini. Kabula akanigeukia. Aliniangalia usoni, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu jiwe lile.

"Amelala," akasema. "Sasa nani atauliza?"

Nilikuwa na maneno mengi. Ninayo siku zote, ndiyo shida yangu. Nilitaka kumwambia kunguru alikuwa amelowa na yeye, kwamba kunguru alikuwa mjinga, kwamba kunguru hajalala vizuri mwaka mzima. Nikayameza. Nikauliza kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza, ili Mwalimu asiamke.

"Kunguru afanye nini?"

Kabula akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, kama watoto walivyokuwa wanafikiri kuhusu fisi. Kisha akasogea mkekani, hata goti lake likagusa langu.

"Anyamaze kwanza," akasema. "Njiwa hajamaliza."

Nikanyamaza. Akaendelea.